Je, nimtoe mwanangu shuleni ili nimlee kwa vitabu nyumbani?

*"Ninaishi Mafinga. Mume wangu ni dereva wa lori la mbao, kwa hiyo siku nyingi ninabaki peke yangu na watoto watatu: binti wa miaka 11 aliye darasa la tano, mvulana wa miaka 9 aliye darasa la tatu, na mdogo wao wa miaka 5. Nilimaliza kidato cha nne na sasa ninashona nguo nyumbani. Tangu mwaka huu uanze, huyu wa kiume amebadilika. Anatukana, anadanganya, na mwezi uliopita alichukua shilingi 2,000 kwenye mkoba wangu. Kusoma kwenyewe bado anahangaika silabi kwa silabi. Nimemnunulia vitabu vya hadithi zenye mafunzo ya maadili. Kila usiku anasoma hadithi moja, kisha ananakili funzo lake mara tano kwenye daftari. Badala ya kubadilika, sasa anavificha vitabu. Jirani ameniambia kuna wazazi wanaowafundisha watoto wao nyumbani na watoto hao wana adabu nzuri. Nikiwatoa hawa wawili wakubwa shuleni, nikawafundisha mwenyewe na kuwalea kwa vitabu, nitakuwa nimekosea?"*

Mama, pole kwa mzigo huu unaoubeba peke yako siku nyingi. Katika ujumbe wako ninaona mambo matatu yaliyoshikana: tabia ya mwanao, ugumu wake wa kusoma, na shule unayoihofia. Unaelekea kuamini kwamba ukilikata la shule, mawili yaliyobaki yatajinyoosha yenyewe. Mimi ninadhani sivyo. Ushauri wangu ni kwamba usiwatoe shuleni kwa sasa, lakini uanze kufundisha nyumbani wiki hii hii, jioni, kwa namna tofauti na hiyo ya kunakili. Kusoma kunakomjenga mtoto tabia hutokea katika muda mfupi ambao mzazi na mtoto wamekaa na kitabu kimoja wakizungumza, na muda huo unaweza kuupata bila kumwondoa mtu darasani.

Nianze na vitabu, kwa sababu hapo ndipo juhudi yako kubwa imeelekea. Wazazi wengi, na walimu pia, wanaamini kwamba mtoto akiisoma hadithi yenye funzo, funzo lile linaingia moyoni mwake. Utafiti unaonyesha picha nyingine. Mwaka 1999 Darcia Narvaez wa Marekani na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa darasa la tatu, watoto wa darasa la tano na watu wazima. Wote walipewa hadithi za maadili, kisha wakatakiwa kueleza ujumbe wake. Watu wazima waliuona ujumbe kwa urahisi. Wa darasa la tano waliuona kwa kiasi. Wa darasa la tatu wengi hawakuuona kabisa: walishika matukio, wakashika nani alimpiga nani na nani alipata zawadi, lakini ujumbe ambao mwandishi aliukusudia ukawapita. Mwanao yuko darasa la tatu. Anaponakili sentensi isemayo kwamba wizi ni mbaya, huenda anaandika maneno ambayo akilini mwake hayajaungana na hadithi aliyotoka kuisoma, wala na mkoba wako.

Lipo jambo la pili, nalo lilinishangaza nilipolisoma kwa mara ya kwanza. Mwaka 2014 Kang Lee na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Kanada kwa watoto wa miaka mitatu hadi saba. Mtoto aliachwa peke yake chumbani akiwa amekatazwa kuchungulia kitu cha kuchezea, na wengi, kama ujuavyo watoto, walichungulia. Baadaye alisomewa hadithi, kisha akaulizwa kama alichungulia. Waliosomewa hadithi ambazo mwongo anapatwa na balaa hawakusema kweli zaidi ya wale waliosomewa hadithi isiyohusu uongo hata kidogo. Walioelekea kukiri zaidi ni wale waliosomewa kuhusu mtoto aliyekiri kosa lake, na baba yake akamsifu kwa ukweli huo. Watafiti walipoibadilisha hadithi hiyohiyo, mtoto akawa anadanganya na kupatwa na mabaya, nguvu yake ikapotea. Maana yake ni kwamba mtoto anayeogopa hafundishwi ukweli kwa kutishwa zaidi. Anahitaji kuona, hadithini na nyumbani, kwamba kusema kweli kunawezekana na kwamba anayesema kweli bado anapendwa.

Hebu vitazame sasa vitabu ulivyomnunulia. Kama vingi vinaisha kwa mwizi kuchapwa au mtoto mkaidi kuliwa na fisi, viweke kando kwa muda, utafute vyenye mtoto anayekosea, anahangaika, kisha anarekebisha. Kuhusu wanyama pia niseme neno. Hadithi za Sungura na Fisi ni urithi wetu na ninazipenda, lakini ukizisikiliza vizuri utagundua kwamba mara nyingi Sungura anashinda kwa ulaghai na wasikilizaji wanamshangilia. Hazikutungwa zote ili kufundisha uaminifu. Nyingi zinamfundisha mnyonge jinsi ya kuponyoka mikononi mwa mwenye nguvu, na hilo nalo lina thamani yake. Zaidi ya hapo, watafiti wa Toronto waliwalinganisha watoto wa miaka minne hadi sita waliosomewa hadithi ya kugawana vitu yenye wahusika watu, na wengine waliosomewa hadithi ileile yenye wanyama wanaovaa na kuongea kama watu. Waliosomewa ya watu ndio waliogawa vitu vyao zaidi baadaye. Basi za wanyama zibaki kwa burudani na kwa lugha yake tamu, na unapotaka kuzungumza na mwanao juu ya maisha yake, chagua hadithi ya mtoto anayefanana naye.

Sasa nije kwenye kusoma kwenyewe, kwani nashuku kwamba hapa ndipo penye kiini cha matatizo mengine. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kuelewa maandishi ni matokeo ya mambo mawili yanayozidishana: uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe unapoisikia. Ni kuzidisha, si kujumlisha; kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri hata kama kingine ni kikubwa. Mtoto anayesoma silabi kwa silabi anatumia akili yake yote kutambua herufi, na haibaki nafasi ya kufikiri juu ya maana. Kiswahili kina rehema kwa sababu kinaandikwa kama kinavyotamkwa, lakini vitenzi vyetu ni virefu. Neno kama "aliyewasaidia" lina silabi nane, na ndani yake mna mtenda, wakati na watendewa. Mtoto akifika silabi ya nane akiwa ameisahau ya pili, hajui nani alimsaidia nani, na hadithi nzima inamwanguka mikononi. Baada ya hapo unamtaka aeleze funzo. Kuvificha vitabu ni namna yake ya kukimbia jambo linalomwaibisha kila usiku, na zile nakala tano zimemfanya akione kitabu kama adhabu. Ziache leo. Mwambie waziwazi kwamba hatanakili tena.

Kabla hujaanza kumfundisha, mpime kwa njia rahisi. Msomee mwenyewe hadithi fupi ambayo hajawahi kuisikia, kisha umwombe amsimulie mdogo wake. Akisimulia vizuri, lugha na akili yake viko salama na kazi yako ni moja tu, kumfundisha kutambua maneno kwa wepesi. Asiposimulia, yaani akichanganya hata mambo yaliyosomwa polepole kwa sauti, tatizo ni pana zaidi, nami nitalirudia hapo chini. Kisha mwandikie maneno kama thelathini kwenye karatasi, yaanze na mepesi kama "mama" na "kalamu," yafuate yenye herufi zinazoungana: "mbwa," "nyumba," "ng'ombe," "ngoma," "nywele," "chandarua," "thamani," "dhahabu." Weka alama pale anapokwama. Mara nyingi utakuta kwamba hakwami kila mahali, bali kwenye miungano michache tu, na hasa tofauti ya "ng" na "ng'." Kama nyumbani mnazungumza Kihehe au Kibena zaidi, usishtuke akichanganya "r" na "l", ni jambo la kawaida na linarekebishika kwa kuyasikia na kuyatamka maneno pamoja, bila kumcheka.

Kazi ya jioni iwe fupi, dakika 15 hadi 20, na mgawanye sehemu mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Sehemu ya kwanza ni mazoezi ya kusoma. Chagua aya moja, sentensi nne au tano tu. Msomee wewe kwanza huku kidole chako kikifuata maneno, kisha msome pamoja kwa sauti, kisha asome peke yake. Kesho aisome ileile tena, na keshokutwa, mpaka itiririke. Njia hii ya kurudiarudia aya moja ilielezwa na mtafiti S. Jay Samuels mwaka 1979, na bado ni miongoni mwa njia tunazozitegemea kwa mtoto anayesoma kwa kusuasua. Wengine hudhani kurudia ni kukariri. Sehemu yake ni kukariri kweli, lakini katika kukariri huko macho yanazoea umbo la neno zima, na neno hilo akilikuta kwenye kitabu kingine hatalivunja tena silabi kwa silabi.

Kwa mazoezi haya, maandishi bora kuliko yote yanaweza kuwa yake mwenyewe. Mwombe akusimulie kitu: jinsi walivyokwenda kuchota maji, au hadithi aliyoisikia kwa bibi. Wewe andika kwenye daftari maneno yake kama alivyoyasema, kwa mwandiko mkubwa. Hicho ndicho kitabu chake, na kwa kuwa anajua kilichoandikwa, atakisoma kwa ujasiri asio nao kwenye kitabu cha dukani. Bibi na babu waliopo jirani watakupa hadithi za kujaza madaftari kadhaa bila gharama. Baba yake naye, akiwa safarini, anaweza kupigiwa simu mtoto amsomee aya ile anayoiweza. Dakika mbili za baba kusikiliza na kusema "umesoma vizuri, mwanangu" zina uzito kuliko unavyodhani, hasa kwa mvulana ambaye baba haonekani nyumbani siku nyingi.

Sehemu ya pili ni kusomewa, na hii ndiyo inayogusa tabia. Hapa mtoto hasomi. Unasoma wewe, wote watatu wakiwa karibu na jiko, hadithi ndefu na nzuri kuliko ile anayoweza kuisoma mwenyewe. Simama mara chache uulize. Swali lisiwe "umejifunza nini?" kwani mtoto wa Kitanzania amelisikia swali hilo shuleni mara nyingi mno na anajua jibu linalotakiwa. Uliza: "Unadhani kwa nini aliificha?" "Alikuwa anaogopa nini?" "Ungekuwa wewe rafiki yake, ungefanyaje?" Akijibu, ongeza kidogo juu ya jibu lake, usilisahihishe haraka. Tangu miaka ya 1980 utafiti wa Grover Whitehurst na wenzake umeonyesha kwamba watoto wadogo wanaosomewa kwa maswali ya wazi hukua kilugha kuliko wanaosomewa huku wamekaa kimya, na kwa tabia, mazungumzo haya ndiyo yanayomfanya mtoto aingie katika nafsi ya mwingine. Nakusihi jambo moja: hadithi ikifika penye wizi, usimgeukie ukasema "kama wewe ulivyofanya." Atafunga mlango, na hutaufungua tena kwa hadithi. Akitaka kulisema lake, atalisema.

Ile shilingi 2,000 ishughulikie mchana, peke yenu, nje ya vitabu. Umeniambia alichukua, hukuniambia alizifanyia nini. Muulize kwa sauti ya kawaida alinunua nini na alikula na nani. Mtoto wa miaka tisa huchukua hela kwa sababu chache zinazojulikana: ametamani maandazi au ubuyu ambao wenzake wananunua, anataka kununua urafiki, au yupo mtoto mkubwa anayemtisha alete hela. Sababu hizi hazina dawa moja. Kama ni tamaa, azilipe kwa kazi ndogo zinazohesabika, kama kufagia uwanja au kukuokotea pini na vitambaa, na mkimaliza deni jambo hilo lisitajwe tena. Kama anatishwa, basi mwanao ni mwathirika, na adhabu ingemuumiza mara mbili. Vilevile fikiri kidogo juu ya wakati: mabadiliko yalianza mwaka huu, naye yupo darasa la tatu. Mtoto anatarajiwa kuwa amezimudu stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu kufikia mwisho wa darasa la pili; darasa la tatu masomo yanaongezeka na yote yanadai kusoma. Aliyeachwa nyuma hapo hutafuta sifa mahali pengine, na mara nyingi huipata kwa matusi na utundu. Ndiyo maana ninasema huenda hiki unachokiona kama tatizo la maadili kimeanzia kwenye ugumu wa kusoma.

Tuje kwenye shule. Jirani yako hakudanganya; wapo wanaofundisha nyumbani, na kwa baadhi yao inafaa sana. Mtoto anapata mwalimu wake peke yake, wakati kiwango kilichowekwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 na madarasa mengi yanakizidi. Lakini usiingie bila kujua sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto aliyefikisha miaka saba ameandikishwa shule ya msingi na anahudhuria, na mzazi anayekaidi anaweza kufikishwa mahakamani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeongeza muda wa elimu ya lazima hadi kuwa miaka 10 ya masomo. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mtoto huufanya akiwa amesajiliwa na shule. Baadhi ya familia zinazofundisha nyumbani hufuata mitaala ya nje na kulipia mitihani ya nje, na hizo ni gharama kubwa. Kwa hiyo kuwatoa hivihivi, bila shule yoyote kuwatambua, kunaweza kumfungia binti yako mlango wa sekondari. Kabla ya hatua yoyote ya namna hiyo, zungumza ana kwa ana na Afisa Elimu Kata, na ikibidi ofisi ya elimu ya halmashauri.

Kuna na hili la wewe mwenyewe. Kufundisha watoto wawili wa madarasa tofauti, masomo yote, kunachukua asubuhi nzima kila siku, na cherehani yako ndiyo inayoziba pengo baba anapokuwa barabarani. Ukichoka utafundisha kwa hasira, na mtoto huyu amekwisha kukimbia vitabu mara moja. Isitoshe, adabu hujengwa pia kwa kuishi na wenzake. Matusi anaweza kuyapata mtaani na kwenye simu bila kupita shuleni. Nenda kwa mwalimu wake wa darasa, si kulalamika bali kuuliza: anakaa wapi, anacheza na nani, anakwama wapi kusoma, nani anamsumbua njiani. Kama ukweli utakuwa kwamba shule ile ina hatari ambayo uongozi hauishughulikii, kumhamishia shule nyingine ni hatua nyepesi na ya kisheria kuliko kumtoa kabisa.

Binti yako mwache aendelee. Mpe vitabu vya kusoma mwenyewe, na siku mojamoja amsaidie mdogo wake, ila usimfanye mwalimu wa kudumu, kwani kaka anayesahihishwa na dada yake kila jioni hujenga chuki. Huyu wa miaka mitano mwimbie, mtegee vitendawili, mcheze mchezo wa kutafuta maneno yanayoanza kwa sauti moja, kalamu isimlemee.

Vitabu usivinunue vyote. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na Maktaba ya Mkoa iko Iringa mjini, yapata kilomita 80 kutoka kwako. Ukiwa na safari ya kufuata vitambaa, pita uulize masharti ya kuazima. Shule nayo inaweza kuwa na sanduku la vitabu vya hadithi ambalo halijafunguliwa siku nyingi. Mwombe mwalimu kwa upole.

Zipo hali ambazo sitaki uzishughulikie kwa ushauri wa maandishi. Akikiinamia kitabu karibu mno, akilalamika kichwa, akigeuza sikio upande mmoja unapomwita au akishindwa kuona ubaoni, mpeleke hospitali ya mji akapimwe macho na masikio mapema iwezekanavyo. Nimeona watoto walioitwa wavivu kumbe hawaoni ubao. Ukifanya mazoezi niliyoyaeleza karibu kila siku kwa miezi mitatu na bado haunganishi silabi mbili, au kama hakuweza kusimulia hadithi aliyosomewa, nenda ofisi ya elimu ya halmashauri uonane na Afisa Elimu Maalumu ili apimwe. Yapo matatizo ya kujifunza yasiyo na uhusiano na akili wala malezi, na yanahitaji mwalimu mwenye ujuzi huo. Na kama mabadiliko yake yameambatana na kukojoa kitandani, kuogopa mtu fulani, kukataa kabisa kwenda shule au alama mwilini, usingoje. Nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga simu namba 116, ambayo ni ya kusaidia watoto na hailipiwi.

Kwa wiki hii, mambo mawili yanatosha: mwambie kunakili kumekwisha, na panga siku ya kuonana na mwalimu wake.